Mipapai Dume ya Mselem

Mwatum alikuwa amechoka. Asubuhi ile, kabla hajafagia uwanja, alikwisha kunywa bakuli zima la maji ya mizizi, machungu kama shubiri. Mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, alisimama mlangoni kuhakikisha hatemi.

"Maliza, mwanangu. Mizizi hii imetoka mbali."

Mwatum akamaliza. Angefanyaje? Miaka yote ya ndoa yake ilikuwa ya mizizi, mafusho na makombe ya aya za kunywa, na mtoto hakuna. Amechoka kunywa, amechoka kuulizwa, amechoka hata kutumaini. Na sasa Bi Mwanamkasi amekwisha kumpatia mwanawe msichana huko Chumbageni. Mwezi ukiandama, posa itapelekwa.

"Akija mwenzangu akazaa," Mwatum aliwaza, "mimi nitakuwa mtumishi tu humu ndani."

Mumewe, Mselem, naye alikuwa na yake. Alilima mipapai hapo Kigombe, na msimu ule ilichanua vizuri, kisha ikapukutisha maua yote.

"Hodi!" Alikuwa Yudith, mkunga wa zahanati, na kikapu chake. "Leo hamna mapapai?"

"Karibu, nesi. Hamna," alisema Mselem. "Nimetia samadi, nimepalilia, wapi! Nahisi kuna hasidi."

Yudith akatazama huku na huku. "Ile mipapai dume iko wapi?"

"Nimeikata yote. Haizai, inakula samadi bure."

Lo! Yudith alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi hasidi ni wewe mwenyewe, kaka!"

Akaokota ua chini, akalipasua. "Hili ni ua la jike. Humu ndani mna vijiyai. Havikui mpaka vipate chavua, ule ungaunga wa ua la dume. Huletwa na upepo na wadudu. Hata kuku hutaga bila jogoo, lakini yai hilo, likilaliwa, halitoi kifaranga. Na binadamu vivyo hivyo. Mwanamke ana yai, mwanamume ana mbegu. Vikikutana tumboni mwa mama, mtoto huanza. Kimoja kikiwa na kasoro, mtoto hapatikani."

Mwatum alikuwa barazani akipeta mchele. Akaweka ungo chini. Akauliza.

"Nesi, mbona basi dawa nanywa mimi tu?"

"Astaghfirullahi!" Bi Mwanamkasi alimaka. "Mwanangu ni mwanamume kamili!"

"Sikatai, mama," Yudith akajibu kwa adabu. "Lakini mtu aweza kubeba gunia mgongoni, na mbegu zake zikawa dhaifu. Kwa macho hazionekani. Hospitali huzitazama kwa darubini. Waende wote wawili, ndiyo njia."

Mselem alitupa jembe akaingia ndani. Siku ile hakula. Haya, nani apendaye kuambiwa hivyo mbele ya mama yake mzazi?

Kesho yake alimkuta mkewe jikoni akichemsha mizizi, macho mekundu kwa moshi. Alimtazama kitambo. Kisha akaepua chungu, akakimwaga nje.

"Basi," alisema. "Tunakwenda Tanga, mimi na wewe."

Daktari aliwapima wote. Mwatum hakuonekana na kasoro. Mselem alionekana ana maradhi ya zamani ya kuambukiza, yaliyodhoofisha mbegu zake. Akachomwa sindano. Mkewe pia akapewa dawa, asije akawa ameambukizwa. Waliporudi, Mselem alimwambia mama yake posa isiende. Bi Mwanamkasi alinuna, akalia, mwishowe akasema, "Maskini, nimemnywesha mtoto wa watu uchungu wa bure."

Mselem akapanda miche mingine, na safari hii akaacha mipapai dume michache katikati ya majike. Mipapai ikazaa. Mwatum naye, baada ya kungoja sana, akashika mimba, akajifungua mtoto wa kike.

Wanaume wa mtaani walikuja kumpa Mselem hongera. Mmoja akamshika mkono, akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, mkeo amepona!"

Uso wa Mselem uliiva kwa haya.

"Mke wangu hakuwa mgonjwa," alisema. "Aliyepona ni mimi."

Chumbani, Mwatum aliyasikia maneno yale. Alilia kidogo, akamsogeza mwanawe kifuani, akalala.