Gari Moja, la Samaki na la Mashindano

Milembe aliuza samaki sokoni Bariadi. Asubuhi na mapema aliendesha gari hadi Lamadi, kando ya ziwa, akanunua sangara na dagaa, akarudi kabla jua halijawa kali. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la bluu, la siku nyingi. Lilikuwa lake na mume wake, Mboje.

Mboje alikuwa fundi umeme. Siku za kazi alipanda pikipiki yake, na gari likabeba samaki. Lakini baadhi ya Jumapili, baada ya ibada, alilichukua na kwenda nalo kwenye mashindano. Karibu na Mwandoya palikuwa na uwanja wa changarawe wenye kona nyingi. Hapo watu walishindana kwa magari yao wenyewe. Mboje alipapenda mahali hapo kuliko harusi.

Wiki zile Milembe alikuwa amechoka. Kazi ya samaki aliizoea. Kilichomchosha ni usukani.

"Baba Elia, hili gari linatangatanga," alisema siku moja, akishusha ndoo. "Ukilegeza mkono kidogo tu, linakwenda linakotaka lenyewe. Mabega yananiuma."

"Ni barabara," Mboje alijibu.

"Barabara ni ya lami."

"Basi ni upepo wa ziwani."

"Upepo wa ziwani unanifuata mpaka hapa Bariadi?"

Mboje alicheka. "Mama Elia, unaushika usukani kwa nguvu sana. Gari hushikwa taratibu."

Milembe alikuwa anaendesha barabara ile tangu mtoto wao Elia hajaanza shule. Alichukua ndoo zake, akaondoka.

Alijua vizuri gari lilianza kusumbua lini. Lilianza baada ya Mboje kuliegesha uani na kulifungua kwa spana. Mwenzake mmoja wa mashindano alimwambia ainamishe matairi ya mbele kwa ndani, ili gari lishike kona vizuri. Mboje alifanya kwa kukadiria kwa macho. Kweli, Jumapili iliyofuata gari lilishika kona. Alirudi nyumbani amejaa vumbi na furaha, akasimulia kila kona mpaka ugali ukapoa.

Tangu siku hiyo usukani ulikaa upande. Gari likienda moja kwa moja, usukani ulikaa kama gari linakata kona. Milembe alisema. Mboje akasema atauangalia. Milembe akasema tena. Mboje akasema matairi ni mapya, hayana shida. Ukiyatazama kwa nje, kweli yalikuwa mapya. Hakuna aliyepiga magoti kuyatazama kwa ndani.

Siku moja Milembe alimchukua mama mkwe wake, Bibi Ng'washi, kutoka Lamadi. Bibi alikuwa amekwenda kusalimia ndugu. Alikaa kiti cha mbele, na kwa kuwa nyuma palikuwa pamejaa, alipakata beseni la dagaa.

"Ng'wanone, mwanangu, mbona unapigana na gari?" Bibi aliuliza.

"Muulize mwanao, mayu," Milembe alimjibu mama huyo.

Hawakuwa wamefika mbali. Tairi la mbele la kushoto lilipasuka. Gari lilivutwa kushoto kwa nguvu. Milembe alishika usukani kwa mikono yote miwili na hakukanyaga breki ghafla. Gari lilitoka barabarani, likashuka kwenye shamba la pamba, likasimama.

Bibi alikuwa amejigonga goti, na dagaa walikuwa wamemjaa mapajani na kwenye viatu. Milembe alimgusa Bibi begani, akamuuliza kama anaumia.

"Goti," Bibi alisema. "Na hasira."

Wakulima waliokuwa shambani walikuja kusaidia. Walimshusha Bibi, kisha wakainua gari kwa jeki na kulitoa tairi. Milembe alilitazama nje na ndani. Upande wa nje ulikuwa na meno mazuri ya tairi jipya. Upande wa ndani ulikuwa umelika mpaka nyuzi za waya zilionekana.

Mboje, aliyepigiwa simu, alifika kwa pikipiki, amebadilika rangi. Alimkimbilia mama yake kwanza, kisha mke wake. Milembe alilisukuma lile tairi kwa mguu mpaka mbele yake.

"Huu nao ni upepo wa ziwani?"

Mboje aliinama, akapitisha kiganja kwenye nyuzi zile.

Siku iliyofuata, gari likiwa na tairi la akiba, walikwenda wote wawili kwa Fundi Joakim, mwenye gereji karibu na soko. Joakim alikuwa rafiki wa Mboje na naye alipenda mashindano. Milembe hakutaka gari liguswe tena bila yeye kuwepo.

"Mwangaluka, shemeji," Joakim alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Fundi, mimi sitaki maneno mengi. Nataka gari linyooke."

Mboje alidakia, "Tuweke matairi mengine, kisha turekebishe kidogo."

"Ukiweka matairi mapya kwenye gari hili, utayala tena," Joakim alisema. "Kwanza tuone yamekaaje."

Alisogeza gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Akawaita wasimame mbele ya gari na wachuchumae.

"Mnaona vichwa vya matairi vimeinamia ndani? Kwenye kona za mbio hilo linasaidia. Gari linapolala upande, tairi hukanyaga vizuri. Lakini kwenye lami iliyonyooka, tairi linakanyaga kwa ukingo wa ndani tu. Ukingo huo ndio ulioliwa."

"Niliinamisha kidogo," Mboje alisema.

"Uliinamisha sana. Na ulipoinamisha, uliharibu na jambo la pili." Joakim alisimama wima, akageuza vidole vya miguu yake nje. "Shemeji, ukitembea hivi, viatu vitakuwaje?"

"Vitalika upande, na nitachoka."

"Ndivyo gari lako linavyotembea. Matairi ya mbele yanaachana. Moja linataka kwenda kulia, lingine kushoto. Wewe unayavuta kwa mikono yako, kutoka Lamadi mpaka hapa."

Milembe alimgeukia mume wake. "Kwa hiyo mimi sishiki usukani kwa nguvu."

"Hushiki," Mboje alisema kwa sauti ndogo.

Joakim alitaka kuanza, lakini Mboje alikuwa tayari ameshika spana. "Hizi fimbo ndogo za usukani nazijua. Nazungusha huku, matairi yanarudi."

"Weka chini," Joakim alisema. Naye sasa alianza kukereka. "Kila mtu anakuja hapa na spana. Unarekebisha cha mwisho kabla ya cha kwanza. Kwanza upepo wa matairi uwe sawa pande zote. Pili, tutikise vyuma vya chini tuone kama kuna kilicholegea. Ukipanga matairi juu ya chuma kilicholegea, leo yatanyooka, kesho yatapinda."

Aliinua gari, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akachungulia kwa tochi.

"Bushi hii imekufa. Ni mpira unaoshika mkono wa tairi. Ukifa, tairi hurudi nyuma kidogo, na usukani haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Tunabadilisha pande zote mbili."

Walibadilisha, wakafunga na matairi mapya mbele. Kisha Joakim alishusha gari, akalibonyeza mbele mara kadhaa, akalisukuma mbele na nyuma.

"Mbona unalichezesha?" Milembe aliuliza.

"Likitoka kwenye jeki, matairi hayajakaa mahali pake. Ukipima hapo hapo, unapima uongo. Na sasa leta mizigo yako."

"Mizigo gani?"

"Ndoo. Gari hukaa tofauti likiwa na mzigo. Nalipanga kwa kazi linayofanya kila siku."

Milembe alijaza ndoo maji badala ya samaki, akazipanga ndani. Joakim alinyoosha usukani na kuufunga usicheze. Alirudisha mwinamo wa matairi mpaka ukabaki kidogo tu, sawa kulia na kushoto. Mwishoni kabisa akafunga uzi kando ya gari, upande huu na upande ule, akapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, mbele na nyuma. Alizungusha zile fimbo za usukani kidogo kidogo, pande zote kwa kiasi kile kile, mpaka matairi yakatazama mbele.

"Ukigusa mwinamo, lazima upime na huku tena," alimwambia Mboje. "Viwili hivi huenda pamoja. Na mkipata nafasi, lipelekeni Mwanza kwenye mashine, wahakikishe. Uzi wangu ni mzuri, lakini mashine inaona zaidi."

Mboje alikuna kichwa. "Na Mwandoya?"

Milembe alifumba macho. "Baba Elia."

"Nauliza tu."

"Mwandoya utakwenda na mpangilio huu huu," Joakim alisema. "Utachelewa kidogo kwenye kona. Ukitaka gari la kona tu, nunua lingine ulipeleke limebebwa kwenye lori. Hili linabeba mama yako."

Mboje alitazama chini. Kisha akamwambia mke wake, "Nilikosea. Uliniambia, sikusikia."

"Niliongea Kiswahili na Kisukuma," Milembe alisema. "Ningeongeza lugha gani?"

Kesho yake aliendesha hadi Lamadi. Njiani, mahali pasipokuwa na magari, alilegeza vidole. Gari lilikwenda mbele kama lilivyoelekezwa. Alikata kona, na usukani ukarudi wenyewe taratibu. Alifika bila maumivu ya mabega, akachagua samaki bila haraka.

Tangu hapo Mboje alijifunza kuchuchumaa. Kila Jumamosi alipima upepo wa matairi, akapitisha kiganja ndani na nje. Gari lilipogonga shimo kubwa, au usukani ulipoonekana kukaa upande, alilipeleka kwa Joakim bila kungoja kuambiwa. Msimu wa pamba ukapita, matairi yakalika sawasawa.

Jumapili moja walikwenda Mwandoya wote. Mboje alishindana kwa mpangilio ule ule wa samaki. Wengi walimpita kwenye kona. Hakupata zawadi.

Wakati wa kurudi Milembe ndiye aliyeendesha. Mboje alianza kueleza.

"Ile kona ya pili, kama matairi yangekuwa yameinama kidogo tu..."

"Baba Elia."

"Nasema kidogo."

"Lala."

Mboje aliegemeza kichwa dirishani. Gari lilikwenda moja kwa moja, na kabla hawajafika Bariadi alikuwa anakoroma.