Meneja Chini ya Blanketi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kumvalisha mdogo wangu sare, na kumtoa Meneja kitandani kabla Mama hajatuona. Hiyo ya tatu hakuna aliyenituma.

Meneja alikuwa paka wetu. Tulimwita hivyo kwa sababu alilala kutwa nzima na bado alitaka kuhudumiwa wa kwanza. Amri ya Mama ilikuwa fupi: paka anakaa uani. Lakini tangu Bibi, niliyelala naye, afariki, upande wake wa kitanda ulikuwa wazi, nami usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nageukia ukuta na kulia. Siku moja Meneja aliruka dirishani, akajikunja kifuani pangu, akaanza kukoroma. Nikalala kama gogo. Kuanzia hapo dirisha nililiacha wazi makusudi.

Mimi wananiita Redio, kwa sababu nikianza kuongea, mpaka betri ziishe. Shuleni hakuna siri iliyowahi kukaa kwangu hadi mapumziko. Hii ilikaa miezi mitatu! Aliyeijua ni mdogo wangu tu, wa miaka sita, tuliyelala naye chumba kimoja. Jina lake la utani ni Kifungo: Mama ni fundi cherehani, na huyu bwana aliwahi kumeza kifungo cha shati la mteja. Nilimwapisha asiseme.

Kifungo alikuwa na pumu tangu zamani, ila haikumsumbua sana. Sasa ikachachamaa. Kila akivuta pumzi, kifua kilipiga mluzi. Daktari akabadilisha dawa, akamwambia Mama aondoe vumbi nyumbani. Mama akaondoa mkeka, akaondoa mapazia, akaanika magodoro juani. Wapi! Mwishowe akaigeukia cherehani.

"Ni nyuzi za hivi vitambaa," alisema. "Namuua mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Akawarudishia wateja vitambaa vyao, kisha akaipeleka cherehani kwa mama mkubwa.

"Ukiacha kushona, dada, suruali za mtaa huu nitazipiga gundi mimi!" fundi viatu jirani yetu alimtania.

Mama hakucheka. Alikaa mlangoni, vidole vikisogea hewani kana kwamba bado vinasukuma kitambaa. Nikapita nimeinamisha kichwa. Mwalimu wa sayansi alishatufundisha kwamba paka anaweza kuamsha pumu. Nikajidanganya kwamba hakumsema Meneja. Meneja anajisafisha mara kumi kwa siku. Mimi hapo simfikii.

Jumamosi moja mchana mvua ilinyesha, nikamficha Meneja chini ya blanketi langu. Kifungo akaja kujilaza kando yangu. Haukupita muda nikamsikia akihangaika. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mabega yalipanda na kushuka, maneno hayatoki. Mama alimbeba mgongoni, tukakimbia kwenye mvua hadi zahanati.

Nesi alimvisha barakoa ya mvuke wa dawa. Akauliza, "Nyumbani kuna mnyama?"

"Kuna paka, lakini hakanyagi ndani," Mama alijibu, maji yakimchuruzika usoni. "Nimetoa kila kitu, nesi. Hata kazi yangu nimeitoa. Nitoe nini tena?"

Kifungo alinitazama juu ya barakoa. Akatikisa kichwa polepole: usiseme. Pumzi hana, na bado ananitunzia siri.

Nikamshika Mama mkono. "Anaingia, Mama. Kila siku. Nampitisha dirishani. Hata sasa yuko kitandani kwangu."

Mama alinigeukia. "Cherehani yangu, Redio?"

Ni hayo tu. Heri angenizaba kofi.

Kifungo akavuta barakoa pembeni. "Usimpige, Mama. Bila Meneja halali. Anamlilia Bibi."

"Wewe wakili, vuta dawa kwanza," nesi alisema, akiirudisha. Kisha akanigeukia. "Paka wako hana kosa. Wewe alikutuliza, na hilo ni jambo la kweli, wanyama hutufariji sana. Lakini kifua cha mdogo wako hakimuwezi. Mkimtoa leo, mkaosha kila kitu, bado itachukua wiki kadhaa kifua kitulie."

Meneja alihamia kwenye kibanda cha fundi viatu, ambako panya walikuwa wanatafuna ngozi. Nilimtembelea baada ya shule, kisha nikaoga na kubadili nguo kabla ya kumsogelea Kifungo. Wiki zikapita, mluzi ukapungua, hatimaye ukaisha.

Siku cherehani iliporudi, Mama aliniita nikae karibu yake.

"Mimi pia nilikuwa silali," alisema. "Bibi yako alikuwa mama yangu. Tungelia pamoja, mwanangu. Una maneno elfu kwa siku, na lile moja nililolihitaji ukalimeza. Ukiumia, niambie. Ukikosea, niambie haraka zaidi, kwa sababu uliponyamaza wewe, aliyekosa pumzi ni mdogo wako."

Niliitikia kwa kichwa tu. Kifungo akacheka kutoka mlangoni, akavuta pumzi ndefu isiyo na mluzi, akapaza sauti:

"Mama! Leo Redio imezimika!"

Mama akacheka, akakanyaga cherehani.