Kadi ya Sufuria ya Shaba

Kila Jumamosi, wakishakunywa kahawa na maziwa, Ottavia na baba yake walikwenda mjini Rovigo kuangalia maonyesho mapya. Jumamosi hii Ottavia ndiye aliyemwamsha baba. Yalikuwa maonyesho ya mafuriko makubwa ya mto Po ya mwaka 1951, na kila familia iliombwa ilete kitu cha kale chenye kadi ya maelezo. Wao walikuwa wameshapeleka sufuria ya shaba ya kusongea polenta, ugali wao wa mahindi, na kadi aliiandika Ottavia peke yake.

Kusema kweli, baba aliinunua sufuria ile mwaka jana kwenye soko la vitu vikuukuu. Ottavia aliona hiyo ni aibu mbele ya wenzake darasani, basi akatunga. Akaandika kwamba iliokotwa ikielea majini, ndani yake mna kiatu chekundu cha mtoto.

Walimkuta bibi kizee mbele ya kabati la kioo lenye sufuria yao, machozi yakimtiririka.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi, bibi," Ottavia alijibu kwa majivuno.

"Mjukuu wangu, iliokotewa wapi? Mimi Dirce. Mdogo wangu Pierina alichukuliwa na maji, na miguuni ana viatu vyekundu. Hatujampata hadi leo. Kiko wapi hicho kiatu? Nionyeshe tu."

Baba aliisoma kadi, macho yakamtoka.

"We Ottavia, kiatu gani tena?"

"Hakuna kiatu," Ottavia alisema. "Nimetunga."

Bibi Dirce alijikuta amekaa kwenye benchi. Ottavia alitamani ardhi immeze, lakini alimfuata msimamizi wa maonyesho, akaomba kabati lifunguliwe. Akaandika kadi nyingine: "Sufuria ya shaba. Ilinunuliwa sokoni. Hatujui ilikuwa ya nani." Akampelekea bibi.

"Nisamehe, bibi."

Bibi Dirce aliisoma mara mbili. "Usipojua, andika hujui. Hilo haliniumizi, nimeshalizoea. Sisi wazee hatuji hapa kutazama masufuria, mwanangu. Tunakuja kutafuta watu wetu. Leo kwa dakika kumi nilidhani nimempata wangu."

Ottavia alilia. Bibi akamsogezea kadi tupu.

"Futa machozi uandike. Pierina, miaka mitatu, viatu vyekundu. Hiyo ndiyo kweli, na iwekwe humo kabatini."