Gari la Daktari wa Meno

Walikutana soko la vipuri, saa sita mchana, watu wamejaa pomoni. Mshona viti vya magari alikuwa amekumbatia sponji kubwa kuliko yeye. Akampiga nayo kikumbo kijana aliyeinama kuchungulia taa ya gari kuukuu.

"Dada, umenifukia!"

"Pole, kaka. Unachungulia nini, kuna sinema humo?"

"Natafuta mwaka. Hii ni ya sitini na nane."

Ndiye Kalenda, fundi aliyejua mwaka wa gari lolote la zamani kwa kulitazama tu. Haukupita mwezi, wakawa gereji moja, wanakula sahani moja, wanaitana "mpenzi" mbele za watu bila haya.

Kisha likaja gari la daktari wa meno. Mwanamke mwenyewe gauni la njano, kiuno cha nyigu, manukato yanamtangulia mlangoni. Gari lenyewe la kuungaunga: taa za mwaka huu, boneti ya mwaka ule, kibati chenye namba ya chasisi kimeng'olewa. Alitaka kujua ni la mwaka gani; Kalenda akakwama. Kila jioni simu.

"Ndiyo, daktari. Njoo kesho tulitazame tena."

"Tena?" mshona viti akadakia. "Gari lina mwaka mmoja, nyie mnalitazama mara ngapi?"

"Mpenzi, una wivu?"

"Wivu! Mimi?"

Ulikuwa unamla mzima mzima, jamani, tusidanganyane. Kesho yake, akifumua kiti cha nyuma, akaona karatasi ya kiwandani imegandishwa kwenye fremu: 1971. Angesema, kazi ingekwisha na daktari angekwenda zake. Lakini wivu hauna akili. Aliona heri Kalenda aaibike mbele ya mrembo wake. Akaichana, akaitia kwenye moto wa chai.

Daktari akazidi kuja. Wiki ya tatu mshona viti uvumilivu ukamshinda.

"Mwoe basi!"

"Nimwoe nani? Ameahidi kutuazima gari siku ya harusi. Bima ndio wamekataa, wanataka uthibitisho wa mwaka."

"Harusi ya nani?"

"Yetu, mwanamke wewe! Nilitaka nikushtukize."

Mshona viti akaweka sindano chini. "La sabini na moja. Karatasi niliiona. Nikaichoma."

Kalenda akatupa spana chini, akatoka. Mshona viti akalia mpaka sponji ikalowa. Saa nzima baadaye simu ikaita, Kalenda.

"Sabini na moja kweli?"

"Kweli. Ila sina ushahidi."

"Mimi nakuamini. Bima ndio hawatakuamini. Kwa hiyo harusini tutakwenda kwa miguu."

"Utanioa hivi hivi, na ubaya wangu?"

"Hivi hivi. Na daktari nimemwalika."

Mshona viti akafuta machozi.

"Atavaa nini?"