Tairi la Watu Wawili

Kama Benite asingevaa sketi mpya siku ile, mambo yote haya yasingetokea, au yangetokea kwa njia fupi zaidi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na barabara ya soko la Cibitoke imefurika: wauza nyanya, wachomea vyuma, baiskeli zilizobebeshwa ndizi, redio tatu zinazoshindana kwa kelele. Benite alikuwa amesimama mbele ya duka lake la matairi, amependeza kupita kiasi. Mchana alialikwa kwenye mahari ya binamu yake, kwa hiyo ovaroli yake ya bluu aliiacha nyumbani, akavaa sketi ya kitenge cha kijani iliyombana vilivyo na blauzi nyeupe. Alikuja tu kumwachia fundi wake Shakuru funguo, aondoke.

Ndipo ikaja ile pikipiki.

Haikuja ikinguruma, ilikuja ikisukumwa, tairi la mbele limeisha upepo. Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, ya zamani, yenye tangi pana, kioo cha kuzuia upepo na masanduku mawili ya bati ubavuni, aina ambayo mjini Bujumbura unaihesabu kwa vidole. Aliyeisukuma alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, jasho likimtiririka shingoni.

"Mama, amahoro," alisalimu akihema. "Wameniambia hapa njo kunapatikanaka pine za moto kubwa sawa hii."

"Wamekuambia vizuri," Benite akajibu. "Lakini muzee, kawaida moto njo inabebaka mutu. Leo naona mutu njo anabeba moto."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mwenye pikipiki naye akacheka, na Benite akaona ana mwanya mdogo kwenye meno ya mbele. Akaamua kwamba binamu anaweza kusubiri dakika kumi.

Sasa, Benite alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake wote waliijua. Hakuwa akimuuliza mtu anataka tairi gani. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya tairi kuukuu, akalisoma. Tairi lilimwambia kama mwenyewe anapita kwenye lami au vumbi, kama anafunga breki kwa hasira au taratibu, kama anabeba mtu au yuko peke yake. Alifundishwa hivyo na baba yake, mzee Cirimwami, walipokuwa bado Uvira, upande wa Kongo, na hakuwa amekosea hata mara moja. Lakini kwa sketi ile, kupiga magoti kungekuwa kujitafutia aibu mbele ya soko zima. Kwa hiyo siku hiyo aliuliza kwa mdomo.

"Unapitaka wapi?"

"Kila mahali. Mi niko inspekta wa mashule. Rutana, Ruyigi, Cankuzo. Lami mpaka inaisha, kisha vumbi."

"Na unapandaka mutu moya ao watu wawili? Ju pine ya nyuma tunachaguaka kwa uzito."

Lilikuwa swali jepesi. Yule bwana aliweka mkono juu ya kiti cha nyuma, kisha akasema, "Wawili. Tuko wawili."

Benite akaandika kwenye kadi: Gélase, mtaa wa Mutakura, mbele inchi kumi na tisa, nyuma kumi na saba, watu wawili. Akaenda zake kwenye mahari, na njiani neno hilo la mwisho likawa linamkera bila sababu ya maana.

Matairi ya namna ile hayaokotwi barabarani. Ilibidi yaagizwe kwa Maxime, dereva wa lori anayeleta mizigo kutoka Kampala, na Maxime alisema wiki tatu. Wiki tatu ni muda mrefu kwa mtu mwenye simu.

"Allô, madamu wa mapine."

"Allô, inspekta."

"Nilikuwa nauliza kama pine zimetoka Kampala."

"Uliuliza asubui."

"Asubui ni asubui. Labda zimetembea."

"Pine bila moto haitembee, Gélase. Inakaa inangoja, sawa weye."

Alicheka upande wa pili, na Benite akajikuta anatabasamu peke yake katikati ya matairi.

"Bon, kwa kuwa umepiga," aliendelea, akitafuta sauti ya kazi, "Maxime ameona pine za namna mbili, kila moya na uzito wake. Mama wa nyumbani iko na kilo ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Ata hukufikiri!"

"Nazijua vizuri."

Aliyasema kwa upole mwingi mno. Benite akamwonea wivu mwanamke ambaye hajawahi kumwona. Ni waume wangapi mjini humu wanaojua kilo za wake zao?

Kisha Gélase akaanza kupitia dukani adhuhuri, kwa miguu, na kifurushi cha ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga. Walikula wamekaa juu ya matairi ya magari, yeye na shati lake jeupe, Benite na ovaroli yake, kucha zake nyekundu ziking'aa katikati ya weusi wa grisi. Alimsimulia juu ya shule za milimani ambako walimu humkimbilia wakidhani ameleta habari njema. Alimuuliza habari za Uvira na akasikiliza majibu. Na kila alipoaga, Benite alimwambia neno lile lile, akilisimamisha kama uzio kati yao:

"Usalimie mama."

"Asante," Gélase alijibu kila mara.

Uzio huo ulikuwa na sababu. Kule Uvira, Benite alichumbiwa miaka mitatu na bwana mmoja aitwaye Xavier, mpole, mcheshi, mwenye zawadi. Mwaka wa tatu akatokea mwanamke kutoka Kalemie na watoto wawili wenye sura ya Xavier. Tangu hapo Benite alijiwekea sharti moja tu maishani: mume wa mtu, hapana. Na sasa, tuseme ukweli bila kuzungukazunguka, alikuwa anampenda Gélase, alimpenda hadi chakula kilimshinda, na kila siku aliyochelewesha kumfukuza ilikuwa siku anayojivunjia sharti lake mwenyewe.

Wiki ya tatu, Alhamisi, simu ikalia.

"Sheri wa mapine," alisema Gélase, na kwa sauti ilionekana amejipa moyo kabla ya kumwita mpenzi namna hiyo. "Pine zikifika, siku ya Mungu twende Ruziba. Kuna mahali wanachoma samaki ya mukeke pembeni ya ziwa. Nitakupakia nyuma."

Nyuma! Benite alihisi moyo unaruka kwa furaha, kisha akauchukia moyo wake huo.

"Kile kiti kiko na mwenyewe," alisema. "Mi sitakuwa wa pili kwa mutu, Gélase. Usinipigie tena."

Akakata. Ilipolia tena, akamtupia Shakuru simu.

"Allô? Ndiyo, niko Shakuru. Madamu?" Shakuru akamtazama bosi wake aliyesimama hatua mbili kutoka pale. "Madamu amesema hayuko."

Gélase aliandika ujumbe, na Benite akaufuta bila kuusoma. Akaandika mwingine, nao ukaenda njia hiyo hiyo. Usiku tano mfululizo alilala vibaya, na mchana aliwajibu wateja kwa ukali hata wenye baiskeli wakaanza kwenda kwa jirani.

Matairi yakafika Jumanne, meusi, yakinuka upya. Shakuru alimpigia mteja, kisha, kwa bahati mbaya au nzuri, asubuhi ya Jumatano akaamka na malaria. Gélase alipofika akiendesha pikipiki polepole kwa tairi la mbele lililozibwa kiraka, alimkuta Benite peke yake.

"Benite, nataka nikuambie kitu."

"Utaniambia pine zikishafungwa. Ukae pale."

Alikaa. Amekonda, Benite aliona, na kola ya shati haikupigwa pasi. Akageuza uso, akachukua spana, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma. Na kwa kuwa mkono una mazoea yake, kiganja kikapita juu ya tairi kuukuu kabla yeye mwenyewe hajakiruhusu.

Kikasimama.

Tairi lilikuwa limelika katikati tu, ukanda mwembamba. Tairi linalobeba watu wawili hukandamizwa, hulika kwa upana. Akatazama skrubu ya springi: imelegezwa hadi mwisho, kama inavyowekwa kwa mtu mmoja. Akatazama vikanyagio vya abiria, vile viwili vya kukunjua ambavyo anayepakiwa huwekea miguu. Vilikuwa vimekunjwa. Akavuta kimoja, hakikutikisika, kutu ilikuwa imekishika kabisa. Nyuma ya cha pili buibui alikuwa amejenga nyumba, na utando umejaa vumbi la miaka.

Benite akakaa chini, spana mkononi.

"Gélase."

"Naam."

"Uyu mama wa kilo sitini na mbili. Anakanyagaka wapi?"

Gélase akainuka, akaja, akaketi chini karibu naye bila kujali suruali yake.

"Dévote alishakufa," alisema. "Mwezi wa nane itaingia miaka ine."

Barabarani baiskeli zilipita. Benite alitaka kusema pole, lakini kilichotoka kwanza kilikuwa hasira.

"Na uliniambia wawili!"

"Uliponiuliza, ile neno, moya, ilikataa kutoka. Sikupanga kukudanganya. Nikajisemea, ni pine tu." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kisha ukauliza kilo. Benite, watu wote wanaogopa kumutaja mbele yangu. Ata mama yake. Weye ukauliza iko na kilo ngapi, na mi nilizijua, na nilifurahi mutu kuniuliza. Nikasema kesho nitamueleza vizuri. Kesho ikakuwa wiki, na kila siku ikakuwa nguvu zaidi kusema."

"Na mi kila siku, usalimie mama, usalimie mama!"

"Nilimusalimia," alisema Gélase taratibu. "Siku ya Mungu nikienda kwa kaburi, nilimuambia, kuna mama mumoja wa Cibitoke anakusalimiaka."

Hapo Benite alilia. Alilia wazi, akijifuta kwa mkono wenye grisi, akijipaka weusi shavuni.

"We ni mujinga, Gélase. Siku sita nalia, nawaza niko napenda bwana ya mutu. Nilijichukia!"

"Unawaza uko unapenda nini?"

"Umesikia vizuri. Usijifanye kiziwi."

Gélase alitoa leso, akamfuta shavu, akazidi kulichafua. Walitazamana, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha Benite akasimama, akavuta lile tairi jipya la nyuma, akaliegemeza kati yao. Sauti ya kazi ilikuwa imerudi.

"Sikiliza. Iyi pine ni ngumu, ilichaguliwa kwa watu wawili. Ukitembea nayo peke yako, itakurusha kila shimo mpaka Cankuzo. Naweza kuirudisha kwa Maxime, nikutafutie ya mutu moya. Akuna ubaya, Gélase. Mutu anaweza kutembea peke yake na akakuwa sawa. Lakini uchague kwa ukweli, ju mara hii naandika kama utakavyosema."

Gélase akatazama tairi. Akatazama kiti cha nyuma kwa muda, na Benite hakumharakisha.

"Usiirudishe."

"Ju ya nani?"

"Ju yako, kama unakubali. Na sisemi Ruziba tu. Nasema siku zote."

Benite alikwenda ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya kulegeza kutu, akamhamisha buibui kwa kipande cha katoni hadi nyuma ya ukuta, akadondoshea mafuta kwenye vile vikanyagio, kimoja baada ya kingine.

"Kutu ya miaka ine haitoke siku moya," alisema. "Acha moto hapa mpaka siku ya Mungu."

Matairi aliyafunga siku ile ile, na kila jioni kabla ya kufunga duka alidondosha mafuta na kugonga polepole kwa nyundo. Cha kushoto kilikubali Ijumaa. Cha kulia kilikataa hadi Jumamosi saa kumi na moja, na kilipofunguka Benite alipiga kelele ya furaha hata Shakuru, aliyepona, akaja mbio.

Jumapili baada ya misa Gélase alifika na kofia mbili za pikipiki na shati lililopigwa pasi. Benite alitoka amevaa suruali pana iliyoshonwa kwa kipande kilichobaki cha kile kitenge cha kijani. Safari hii alitaka nguo ya kukalia. Aliweka mkono begani kwa Gélase, akakanyaga kikanyagio, akapanda.

"Ngoja," alisema kabla Gélase hajawasha. "Ile skuru ya risora, umeikaza ngapi?"

"Sijaigusa. Sikujua kilo zako, na niliogopa kuuliza."

Benite aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akainama hadi sikioni mwake.

"Sabini na moya. Ukimuambia Shakuru, nakurudishia pine ya mutu moya."

Gélase hakucheka. Alishuka, akachuchumaa kando ya springi na kuanza kuzungusha ile skrubu, akihesabu kwa sauti ya chini. Benite, juu ya kiti, alihisi kikiinuka kidogo kidogo chini yake. Kuna mahali hesabu ilisimama, na mkono wa Gélase nao ukasimama. Benite akajua ni wapi, pale pa kilo sitini na mbili, akangoja. Kisha mkono ukaendelea, ukaongeza mizunguko miwili.

"Sabini na moya," Gélase alirudia, akiishika vizuri kichwani. Akapanda, akawasha, wakashika barabara ya Ruziba.