Kiberenge cha Gulwe

Maiti ya Shaaban ilikutwa asubuhi ndani ya banda la kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kwenye stesheni ya Gulwe, imelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Spana kubwa ya kufungia reli ilikuwa pembeni, imepanguswa damu kwa haraka.

Shaaban alikuwa Mnyamwezi, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa reli. Mgomo ulikuwa umeingia mwezi wa pili, na kutoka Gulwe mpaka Dodoma treni zilikuwa zimelala.

Mrakibu wa Polisi, Mzungu mwenye haraka zake, hakutaka hata kuketi.

"Wamegombania uongozi hawa," alimwambia Inspekta Yahaya. "Usiponiletea mtu kufikia kesho, naikamata kamati nzima ya mgomo."

"Ndiyo, bwana," alijibu Yahaya, na moyo ukamuuma. Kamati ikiingia mahabusu, mgomo umekwisha, na njaa yote waliyoivumilia watu wa Gulwe ni kazi bure. Yeye, Mrangi wa Kondoa, alikuwa akila mshahara wa serikali hiyo hiyo. Hilo nalo lilimkera.

Alilikagua banda. Kufuli lilikuwa zima, na funguo zilikuwa mfukoni mwa marehemu.

"Hakuna aliyevunja," alimwambia Koplo Halfani. "Shaaban alifungua mwenyewe, akampa mtu mgongo bila wasiwasi. Alimjua."

Daktari wa Mpwapwa alipomaliza kuichunguza maiti, mazishi yakafanyika alasiri ile ile. Yahaya na Halfani walisimama nyuma ya watu.

Msiba wa Mnyamwezi haupoi palipo na Wagogo, maana ni watani. Na kweli, Wagogo wa genge la reli walichachamaa. Mmoja alilala kaburini, akaapa hatoki mpaka marehemu amwombe radhi. Mwingine alivaa kofia ya Shaaban akahutubia kwa sauti yake ya puani, watu wakacheka huku wanalia.

"Yule anayelia peke yake ni nani?" aliuliza Yahaya.

"Chiwanga, afande. Wa genge."

"Mgogo?"

"Mgogo halisi, tena bingwa wa utani. Alipokufa mkwewe Shaaban, Chiwanga alikimbia na jeneza, msiba mzima ukamfukuza."

"Na leo?"

Halfani alitazama vizuri. "Leo hajatania hata neno moja."

Yahaya alimwita Chiwanga kwenye ofisi ya stesheni, akafunga mlango.

"Shaaban alikuwa nani kwako?"

"Mtani wangu."

"Wenzako wote wametania. Wewe umeshindwa nini?"

Chiwanga alizungusha pete kidoleni.

"Una mke?"

"Nilikuwa naye. Marehemu Dorkasi."

"Alikufa na nini?"

"Uzazi, mvua hizi hizi. Mtoto alikaa vibaya, na mto ulikuwa umekata barabara ya Mpwapwa. Kilibaki kiberenge tu, nimkimbize Dodoma. Nilimpigia magoti Shaaban. Akasema kamati imeazimia hakuna gurudumu litakalozunguka relini, nisubiri kikao. Dorkasi hakuweza kusubiri."

"Ukamwekea kinyongo."

"Hapana! Mgomo ni mgomo, hata mimi niliunyooshea mkono. Kwenye mazishi akanitania, akasema Dorkasi amekwepa palizi. Nikacheka, afande. Utani haukasirikiwi. Nilicheka mbele ya kaburi la mke wangu."

"Na jana?"

"Jana jioni nikamkuta bandani anakitia kiberenge grisi. Nikamuuliza, kinakwenda wapi? Akasema kuna kiongozi wa chama yuko Dodoma, kamati imeruhusu akachukuliwe, aje atuhutubie. Kiongozi amepata kiberenge, afande. Mke wangu hakupata. Shaaban akainama tena kwenye grisi yake, na spana ilikuwa karibu."

"Ulimuua wewe?"

"Mimi. Peke yangu."

Yahaya alichukua kalamu. "Nitaandika yote. Jaji akisikia habari za Dorkasi, huenda usinyongwe."

Chiwanga alimshika mkono.

"Usimtaje, nakusihi. Andika tulikorofishana, basi. Mzungu akijua kamati ilimnyima mzazi kiberenge, kesho yatatangazwa redioni, wenzangu wataona aibu, watarudi kazini. Hapo Dorkasi atakuwa amekufa bure."

"Mgomo huo huo ndio uliomuua!"

"Najua, afande."

Machozi yalimlenga Yahaya, wala hakujali kuonekana. Nje Mrakibu alikuwa anaita, anauliza kama aagize lori la kuwabeba wanakamati.

Yahaya alifungua dirisha.

"Hapana, bwana. Nimempata, ni mtu mmoja tu. Walikorofishana."

Kisha akakaa, akaandika hivyo hivyo. Chiwanga akaweka dole gumba, akamshukuru.