Wateja Ambao Hawakuwapo

Kila siku ya shule, saa tisa alasiri, Delfina Furtado alishuka kwenye basi la shule, akazunguka nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo, akasukuma mlango wa chuma wa karakana ya babu yake. Kengele ndogo ya mlangoni ililia. Babu Olímpio aliinua uso haraka, miwani ikiwa imemteremka puani.

"Ah, ni wewe, mjukuu wangu," alisema, akatabasamu.

Tabasamu lilikuwa la kweli. Hata hivyo Delfina alikuwa ameshauona uso ule ukichangamka kwa matumaini kabla ya kumtambua, na kila siku jambo hilo lilimchoma.

Babu Olímpio alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mjini Fall River, Marekani. Zamani hakukuwa na mshonaji asiyemjua. Wanawake walileta cherehani zao, wakaketi na Bibi wakinywa kahawa na kupiga soga mpaka kazi ikamilike. Kisha viwanda vilifungwa, kimoja baada ya kingine. Mwezi wa Machi Bibi naye akafariki. Tangu hapo karakana ilikuwa kimya hata Delfina aliweza kusikia maji yakidondoka katika ghala la jirani. Yeye alifanya kazi zake za shule upande mmoja wa meza. Babu, upande wa pili, alizungumza na cherehani.

"Haya, bibie, niambie. Umeumia wapi leo?"

Cherehani haikujibu. Saa kumi na mbili Mama, aliyekuwa muuguzi, aliwapitia na gari wakaenda nyumbani kunywa supu ya sukuma wiki na soseji.

Shuleni pia Delfina alikuwa peke yake. Rafiki yake wa pekee alikuwa amehamia Ohio wakati wa kiangazi, na sasa alikula chakula cha mchana mwishoni mwa meza, akijifanya anasoma. Siku moja Tadeu, mvulana wa darasa lake, alimpigia kelele kutoka meza ya pili.

"Wee Delfina! Hivi babu yako bado yupo kazini? Mama ametafuta fundi wa cherehani kwenye ramani ya simu, hakumwona. Labda siku hizi anatengenezea mizimu!"

Wenzake walicheka. Alasiri hiyo Delfina alifungua ramani kwenye simu yake akaandika: *fundi wa cherehani*. Yakatokea maduka mawili ya mji mwingine, kisha duka la masofa. Karakana ya Babu ilikuwa chini kabisa, haina picha, haina maelezo, ina maoni ya mtu mmoja tu ya miaka mingi iliyopita.

Wakati huohuo alimsikia Babu akizungumza na ndugu yake wa Toronto kwa simu.

"Labda nifunge baada ya Krismasi, nije huko kwenu," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ninaongea na vyuma, ndugu yangu. Vyuma tu."

Delfina aliweka simu chini. Babu akiondoka, angebaki na nani alasiri zote hizo?

Ndipo alipofanya hivi. Kwa siku tatu alifungua akaunti za watu wasiokuwapo, akawapa majina na maneno. Bi Priscilla alisifu kazi safi. Mtu mwingine alisifu jinsi fundi alivyomwokolea mapazia yake. Bwana Herman Whitlow aliandika hivi: "Nilifika bila miadi, akanitengenezea nikiwa nasubiri. Nusu saa tu!" Kila mmoja alitoa nyota tano. Taratibu karakana ilipanda kwenye orodha.

Delfina hakutarajia kwamba Babu angeyasoma. Lakini simu ya Babu ilimletea taarifa, naye akamwita mjukuu wake.

"Njoo unisomee vizuri. Watu wananikumbuka! Huyu Herman ni nani? Si yule mrefu, mwenye mbwa?"

"Sijui, Babu."

"Ni yeye. Mtu mwema sana. Huenda akapita tena."

Kesho yake Babu alikuwa amefuta vumbi kwenye viti vinne na kuvipanga karibu na hita. Delfina alivitazama, akashindwa kumaliza hesabu zake.

Jumamosi iliyofuata mvua baridi ilinyesha tangu asubuhi. Kengele ya mlango ililia, akaingia mwanamke aliyeloa chapachapa, amekumbatia cherehani nzito.

"Wewe ndiye fundi wa nusu saa?" aliuliza, akihema. "Naitwa Lurdes Amaral. Nimetoka New Bedford. Nimeomba ruhusa kazini, kwenye kiwanda cha samaki, maana gauni la harusi la mpwa wangu liko nusu, na harusi ni Jumamosi ijayo."

Babu alimvutia kiti, akaifungua mashine, akaimulika kwa tochi. Alitikisa kichwa.

"Gia imevunjika, mama. Kipuri lazima niagize mbali. Siku kumi, labda kumi na mbili."

"Siku kumi! Na huyu Herman aliyetengenezewa akisubiri je? Au mimi si mtu?"

"Sikumbuki vizuri," Babu alisema kwa upole. "Yake ilikuwa hitilafu ndogo, bila shaka. Herman si mtu wa kusema uongo."

Delfina alisimama. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Babu, Herman ni mimi."

Wote wawili walimgeukia.

"Na Bi Priscilla?" aliuliza Babu.

"Mimi."

"Na yule wa mapazia?"

"Wote ni mimi, Babu. Sikutaka uende Toronto."

Babu aliketi polepole kwenye kimoja cha vile viti.

"Nilikuwa nimeshaanza kumzoea Herman," alisema hatimaye.

Maneno hayo yalimuumiza Delfina kuliko kofi. Bi Lurdes naye hakumhurumia.

"Binti, nimeamka alfajiri kwa ajili ya uongo wako. Na hiyo ramani yenyewe imenipeleka mbele, kwenye geti lenye kufuli! Nimelizunguka jengo hili mara tatu na mzigo huu mkononi. Mwenye shida ndogo angerudi zamani nyumbani kwake."

Babu aliinuka, akaenda kwenye kona, akaondoa shuka juu ya cherehani moja nyeusi inayong'aa. Ilikuwa ya Bibi.

"Chukua hii umalizie gauni," alimwambia. "Utairudisha hii, yako itakapokuwa tayari. Kosa ni la nyumba hii."

Jioni hiyo Delfina alifuta maoni yote. Hata hivyo alikuwa amechelewa. Jumatatu ulikuja ujumbe kutoka kwa wenye ramani: karakana ina maoni ya uongo, nayo imefichwa. Hata mtu alipoandika jina lake kamili, hakikutokea kitu. Kwa wiki mbili hakuja mteja yeyote. Babu hakumgombeza, ila aliongea kidogo, na Delfina aliona afadhali angegombezwa.

Basi akaandika barua. Aliwaeleza wenye ramani alichofanya, bila kujitetea, naye Babu akatia sahihi yake chini. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walitaka video fupi: mlango, kibao cha jina, zana za kazi, na mwenyewe akifungua kwa ufunguo wake.

"Kibao?" Babu alishangaa. "Tangu lini nina kibao? Kila mtu alijua nilipo."

"Waliojua hawapo tena, Babu," alisema Delfina.

Walipaka rangi ubao pamoja, wakauning'iniza juu ya mlango. Delfina akapiga video. Halafu wakasahihisha yote yaliyokuwa na makosa. Alama iliyosimama kwenye geti la mbele waliihamishia kwenye mlango wa nyuma. Ramani ilisema karakana hufunguliwa Jumapili, haikuwa kweli. Wakaweka picha na kuandika waziwazi kazi ambazo Babu anaziweza, na zile asizoziweza.

Ikabaki namba ya simu. Ilikuwa namba ya Bibi. Kwa miezi minane watu walikuwa wakiipigia simu iliyozimwa ndani ya droo. Babu aliifuta tarakimu moja moja kwa kidole kizito, kisha akaandika yake.

Karakana ilirudi kwenye ramani, ikiwa chini kama mwanzo. Bi Lurdes alipokuja kuchukua cherehani yake, Delfina alimwomba radhi tena, akamwomba aandike maoni yake.

"Mazuri au mabaya, upendavyo," alisema.

Bi Lurdes alitoa nyota tatu. "Hana haraka," aliandika, "lakini mashine yangu inashona kama mpya, na hapa ukikosewa, wanakiri."

"Nyota tatu tu!" Delfina alilalamika. "Nimwombe aongeze?"

"Usithubutu," alisema Babu. "Mjibu: asante, ni kweli tulikuchelewesha."

Wiki ya kwanza ya Desemba alikuja mwanamume mwenye cherehani ya marehemu mama yake. Hakuuliza njia.

"Nimesoma kwamba huna haraka," alimwambia Babu, akivua kofia. "Mimi pia sina."

Waliongea mpaka giza likaingia. Alipoondoka, Babu alimwita Delfina akae karibu naye.

"Toronto siendi mwaka huu," alisema. "Lakini sikiliza. Nilijua unanipenda, ndiyo maana sikukupigia kelele. Ila uliponiletea watu wa uongo, nilibaki mpweke zaidi ya mwanzo, maana nilikuwa nikiwangoja. Mtu akitaka kuonekana, asimame mahali alipo na aseme alivyo. Watakaokuja watakuwa wachache, na watakuja polepole. Lakini watakuwa watu."

Delfina aliitikia kwa kichwa. Nje, taa za gari la Mama zilikuwa zinaingia uani.